Kaimu Mwathirika wa Tandavala

Mbwana Chambuso wa Ngamiani, Tanga, alikuwa kinyozi, na kama walivyo vinyozi wengi alijua habari za watu wote isipokuwa za dada yake. Dada huyo, Mwatime, aliolewa na mfinyanzi mgeni akaenda kuishi naye kwao, katika Bonde la Sungwa, nchi ya Tandavala. Miaka ya mwanzo salamu zake zilikuwa zikija na wachuuzi wa chumvi. Kisha huko Sungwa vikazuka vita, salamu zikakatika. Baadaye watu wakasema vita vimekwisha na Tandavala yote imeshusha pumzi, lakini salamu za Mwatime hazikurudi. Mama yao, ambaye macho yalikuwa yameanza kumpa taabu ila masikio bado makali, akawa kila akisikia hodi anauliza kama ni mtu wa Sungwa. Mwishowe Mbwana hakuweza tena kuvumilia lile swali. Alimwachia mwenzake kiti na mikasi, akaaga, akaondoka.

Njia aliyopita haina haja ya kusimuliwa. Ilikuwa ndefu, ina vumbi, na ilimfikisha.

Mji mkuu wa Tandavala unaitwa Makao. Mbwana alitarajia kuingia mji wa watu waliotoka vitani, wenye kuta zilizotobolewa na madirisha yaliyozibwa kwa mbao. Badala yake alikuta mji uliopigwa chokaa vizuri, usio na hata kigae kilichopasuka. Kilichomshangaza ni watu. Kila mwungwana aliyepishana naye alikuwa amefungwa bendeji: huyu kichwani, yule mguuni, mwingine ameuning'iniza mkono shingoni kwa kitambaa cha hariri. Na bendeji zenyewe zilikuwa nyeupe pe, zimepigwa pasi, nyingine zimedariziwa pembeni. Akamuuliza mwenye nyumba ya wageni aliyofikia ni ajali gani iliyoupata mji.

"Hakuna ajali," mwenye nyumba akamjibu. "Ni mshikamano na ndugu zetu wa Sungwa."

"Na huo mkono wako umefanya nini?"

"Haujafanya kitu. Mkono ni wa sisi wafanyabiashara. Kichwa ni cha maofisa. Ukimwona mtu amefunga jicho, mpishe njia, huyo ni mkubwa."

Mbwana aliona pia kwamba wakubwa hao walikuwa na vumbi la kifusi mabegani, na kwamba vumbi hilo halikutokana na kazi yoyote. Kila ofisi ilikuwa na mhudumu wa kulinyunyiza kwa chekeche asubuhi, kiasi cha kiganja kwa karani na kopo zima kwa mkurugenzi. Kumpangusa mtu vumbi lake lilihesabiwa kosa sawa na kumvua cheo, na mke wa ofisa mmoja alikuwa mahakamani kwa kumkumbatia mumewe bila uangalifu.

Kesho yake akaenda kuomba ruhusa ya kwenda Sungwa. Ofisa wa vibali alimsikiliza kwa heshima, kisha akamweleza kwamba haiwezekani.

"Mto Sungwa hauna daraja," akasema. "Lilivunjwa vitani. Litajengwa na Wakala. Wakala utaundwa na Baraza, na Baraza liko kwenye kikao."

"Kikao kilianza lini?"

"Vita vilipoisha."

"Basi niruhusuni niogelee."

"Kuogelea ni kuvuka, bwana. Na mambo yote ya kuvuka yatakuwa chini ya Wakala."

Mbwana akaona heri aende mwenyewe kwenye hilo Baraza, ajue linakwama wapi. Aliruhusiwa kukaa kwenye mabenchi ya wageni, na hapo akaelewa kwamba fedha hazikuwa tatizo. Nchi marafiki zilikuwa zimekwisha kuchanga. Michango yao ilikuwa imefungiwa katika chumba nyuma ya kiti cha Mwenyekiti, na posho za vikao zilitolewa humo humo, ili, kama Mhazini alivyoeleza, fedha zisilale.

Tatizo lilikuwa jina. Muswada uliandikwa "Wakala wa Kujenga Sungwa", na mjumbe mmoja mwenye bendeji ya shingo alikuwa amesimama kulipinga.

"Kujenga ni kushika tofali," akasema. "Nani humu ndani atashika tofali? Tusiwadanganye wananchi. Sisi hatujengi. Sisi tunawajengea."

Akanyanyuka mwingine upande wa pili. "Kumjengea mtu mzima ni kumfanya mtoto. Wana mikono yao. Tuwajengeshe."

"Kumjengesha mtu ni kumtumikisha," akadakia wa tatu. "Au mmesahau kwamba vita vilianzia kwenye mambo hayo hayo?"

Baraza likagawanyika, Wajengeaji huku na Wajengeshaji kule, wakarushiana maneno mpaka vumbi la mabegani likawa ukungu. Mzee mmoja wa nyuma akapendekeza waseme tu kwamba Sungwa ijengeke. Hakufafanua itajengekaje, lakini alipigiwa makofi kuliko wote, kwa sababu njia hiyo ilionekana haina kazi wala gharama.

Mwenyekiti, Mheshimiwa Dokubari, mtu mrefu mpole aliyefunga jicho la kushoto, akaagiza kura zipigwe. Karani akasimama akasema akidi haijatimia. Sheria ilitaka awepo ukumbini Mwathirika mmoja wa Sungwa.

"Yuko wapi?" Dokubari akauliza.

"Ng'ambo ya mto, Mheshimiwa."

"Kwa nini haji?"

"Hakuna daraja."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa masikitiko, wakaanza kukusanya makabrasha yao. Ilikuwa dhahiri kwamba vikao vyote vilikuwa vikiishia hapo, na kwamba hakuna aliyeona ajabu. Mbwana, aliyekuwa amefika mbali na ana haraka, akajikuta amesimama.

"Samahani, waheshimiwa. Yaani huyo mtu haji kwa kuwa hakuna daraja, na daraja halijengwi kwa kuwa haji?"

Ukumbi ukamgeukia. Dokubari akamtazama kwa jicho lake moja, si kwa hasira bali kwa hamu, kama mtu aliyesikia jirani yake anauza shamba.

"Wewe ni nani?"

"Mbwana Chambuso. Kinyozi, kutoka Tanga. Nina dada yangu Sungwa."

"Yu hai au amekufa?"

"Sijui, Mheshimiwa. Ndilo lililonileta."

Mtu mmoja wa mbele akavuta kamasi.

"Kutojua," Dokubari akasema taratibu, "ni kuchungu kuliko kujua. Natoa hoja bwana huyu ateuliwe Kaimu Mwathirika, mpaka mwenyewe atakapopatikana."

"Lakini mimi sikuwa vitani," Mbwana akasema.

"Hata sisi hatukuwa," Dokubari akajibu kwa upole, akigusa bendeji yake. "Na sheria inasema tume ya ukaguzi ikienda Sungwa, Mwathirika huenda nayo."

Mbwana aliyasikia hayo maneno ya mwisho, ya kwanza yote yakampita. Akakubali.

Alikabidhiwa kwa Bibi Ulangi, Mkufunzi wa Huzuni, mama wa makamo mwenye sauti ya chini ambaye alikuwa amefundisha watu kulia katika misiba yote mikubwa ya Makao. Bibi Ulangi alimzunguka akimkagua, akasimama mbele ya kitambi chake.

"Umbo lako halitusaidii, bwana Chambuso."

"Nishinde njaa?"

"Hapana. Posho ya chakula cha Mwathirika imekwisha kupitishwa. Lazima iliwe."

Wakapata njia. Mbwana alikula pilau nyuma ya pazia, akashiba, kisha akavishwa kanzu ya mtu mkubwa kupita kiasi, ili aonekane amekonda ndani yake. Bibi Ulangi akamfundisha kukaa kwenye ncha ya kiti, kutazama sakafu pasipo kusinzia, na kutikisa kichwa. Kulikuwa na kichwa cha kukubali, kichwa cha kushukuru na kichwa cha kusamehe. Mbwana akauliza cha kukataa ni kipi, akaambiwa hakijawahi kuhitajika.

Maisha hayo hayakuwa mabaya, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Alipewa kitanda chenye godoro la sufi. Akipita sokoni wanawake waliguna kwa huruma, wauza matunda wakakataa kupokea malipo yake. Wajengeaji walimwalika chai, Wajengeshaji wakamwalika chakula cha mchana, na wote walimweleza yeye mwenyewe anataka nini. Siku moja chai ililetwa imepoa kidogo, akajikuta anashusha pumzi ndefu, ile ya mafunzo, na mhudumu akakimbia kwenda kuleta nyingine. Ndipo akamkumbuka mama yake pale mlangoni. Akajisikia vibaya, lakini si vibaya sana, na hilo ndilo lililomtisha. Toka siku hiyo kila alipomwona Dokubari alimuuliza tume inaondoka lini.

Hatimaye jina likapatikana. Mjumbe mmoja kijana alisimama akapendekeza "Wakala wa Kujengeshana Kujengeka kwa Sungwa", na watu waliokuwa hawasalimiani wakakumbatiana, vumbi likamwagika bila mtu kujali. Kaimu Mwathirika akatikisa kichwa cha kukubali, kikafuatia cha kushukuru. Wakala ukawa umeundwa.

Wakagawana mafungu siku hiyo hiyo. Fungu kubwa lilikwenda kwenye jengo la Wakala, ambalo lingesimama hapo hapo Makao, likijengwa likiwa limebomoka kidogo upande mmoja, kwa heshima ya wahanga. Lilikuwepo fungu la bendeji, fungu la vumbi, fungu la magari ya kwenda Sungwa, na fungu la kuyatunza hayo magari mpaka daraja litakapokuwepo. Kilichobaki kikatengewa bonde lenyewe, kwa sharti moja. Tume ikakague kwanza, ithibitishe kwa macho kwamba Sungwa imebomoka kweli; kwa maana Wakala ni wa kujenga upya, na kisichobomoka hakijengeki upya.

Tume iliongozwa na Dokubari mwenyewe. Alikuwemo Mkaguzi Mkuu, mtu mwembamba aitwaye Lukozi, ambaye hakuwahi kutembea bila kitabu cha Sheria kwapani. Alikuwemo Bibi Ulangi, endapo Mwathirika angesahau mafunzo, na nyuma yao wapagazi wa viti na mahema. Walifika mtoni asubuhi moja yenye jua la upole. Nguzo za daraja la zamani zilikuwa zimesimama majini bila kitu juu yake, na tume ikatazama kwa kuridhika. Lukozi akasema hali ni mbaya, tena mbaya ipasavyo.

Kisha wakasogea kidogo kufuata mto, wakakata kona, wakaliona daraja jingine. Lilikuwa la magogo na kamba, limekazwa vizuri, na katikati yake alikuwa anapita mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani, anaimba.

"Lile ni nini?" Dokubari akauliza.

Lukozi akafungua kitabu, akakifunga. "Mheshimiwa, lile ni daraja."

"Haiwezekani. Wakala haujaanza kazi."

"Ndiyo maana nimesita kulitaja."

Hapakuwa na njia nyingine, wakavuka juu ya kitu ambacho hakikuwepo. Ng'ambo hali ikazidi kuwa mbaya. Nyumba zilikuwa na paa. Mtama ulikuwa umesimama mashambani hadi kifuani. Mahali pa magofu waliyoahidiwa palikuwa na mabanda ya kuku, na kuku wenyewe ndani. Lukozi alikuwa anahema kama mtu aliyeingiwa na mwizi.

Mbwana hakuwa akiyasikia hayo. Kando ya njia alikuwepo mwanamke amefunga kanga kiunoni, anaukanyaga udongo wa vyungu kwa miguu, matope yamemfika magotini. Mwanamke akainua uso, akaitazama ile kanzu pana, akakitazama kilichokuwemo ndani.

"Mbwana?" akasema. "Mbona umenenepa hivyo?"

Mbwana akaingia kwenye matope na viatu vyake. Wakashikana. Bibi Ulangi, aliyeishi kwa kazi ya machozi, aliyatazama yale akageuka pembeni, kwa sababu hakuna hata kimoja alichokuwa amekifundisha.

"Mama?" Mwatime akauliza mwishowe.

"Yupo. Anasikiliza hodi. Kwa nini hukuleta habari?"

"Nimpe nani? Wachuuzi wa chumvi wanazuiwa Makao. Wanaambiwa kuvuka kuko chini ya Wakala." Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Mume wangu alikufa, Mbwana. Mwaka wa kwanza tu wa vita."

Dokubari alikuwa amekwisha kuwaita watu. Wakakusanyika mbele ya hema, wakimtazama yule mgeni mrefu mwenye jicho bovu kwa huruma ya kweli. Bibi mmoja alimletea maji ya uvuguvugu ya kuoshea kidonda. Dokubari akayapokea, hakujua ayafanyie nini, akamkabidhi Lukozi.

"Nani amewaruhusu?" akauliza.

"Kuturuhusu nini?" Mwatime akasema.

"Kujenga."

"Mvua ilikuwa inanyesha."

Lukozi akasoma kifungu. Ujenzi wowote uliotangulia Wakala ni batili. Utarejeshwa katika hali yake ya kubomoka, kwa utaratibu, na fungu la urejeshaji wa magofu lipo. Baada ya hapo ndipo Wakala utaanza kujengeshana kujengeka. Wataanza na daraja kesho asubuhi, pindi Mwathirika atakapotikisa kichwa kama sheria inavyotaka. Hakuyasema kwa ukali. Aliwapa pole, akawaahidi mahema, ingawa mahema yalikuwa ya awamu ya pili.

Mchana huo Mbwana alikula kwa dada yake ugali wa mtama na mlenda, ndani ya nyumba ya vyumba viwili ambayo Mwatime aliijenga kwa mikono yake. Nyumba ya jirani alionekana mwanamke mmoja, mjamzito, tumbo limeshuka, anaanika nguo kwa shida.

"Yule ni Chausiku," Mwatime akasema. "Hamalizi mwezi huu. Mkunga anakaa ng'ambo. Kabla ya daraja wanawake walikuwa wanangoja maji yapungue. Wengine hawakuwahi. Nimewaosha kwa mikono hii."

Mbwana akaacha kula. "Wakala umeahidi zahanati," akasema, maana alitaka kuwe na jambo jema la kumwambia.

Mwatime akafikiri. Hakulidharau.

"Hiyo tunaihitaji kweli," akasema. "Wataijenga lini?"

"Baada ya kubomoa."

"Wakishabomoa tu?"

"Patakuwa na kikao kwanza."

"Na huyo Mwathirika wao, atakayetikisa kichwa, ni mtu wa wapi? Nikaongee naye."

Mbwana akaitazama kanzu yake. "Ni mimi, dada," akasema.

Mwatime hakumkemea. Alitazama tu kitambi cha ndugu yake, kisha akaendelea kumega ugali, na Mbwana aliona afadhali angetukanwa.

Asubuhi viti vikapangwa mbele ya hema. Wapagazi walisimama na mashoka yao tayari kwa safari ya darajani, na watu wa Sungwa wakasimama upande wao, Chausiku ameegemea ukuta. Dokubari akasoma azimio, akafika mwisho, akasema, "Mwathirika atatikisa kichwa."

Mbwana hakutikisa. Nyuma yake Bibi Ulangi akanong'ona, "Cha kukubali." Bado hakutikisa. Kisha akasimama, na kanzu ikasimama naye kidogo kidogo.

"Mheshimiwa, nina taarifa."

Minong'ono ikapita kwenye tume. Hakuna aliyewahi kumsikia Mwathirika akisema. Lukozi akapekua Sheria mbele na nyuma, akatangaza kwamba haikumkataza, kwa vile haikuwahi kudhaniwa.

Kusema kweli Mbwana hakuwa na taarifa. Alikuwa na hofu tu, na picha ya shoka likishuka kwenye kamba. Alifungua mdomo akautumaini utaleta kitu.

"Vita havijaisha," akasema.

Ikawa ni saa ile ile ambayo wanawake wa Sungwa huanza kutwanga mtama. Nyuma ya nyumba mchi mmoja ukapiga kinu, du. Wa pili ukajibu mbali kidogo. Muda si muda bonde zima likawa linanguruma, du, du, du, na ardhi inatetemeka chini ya viti.

Dokubari akainua kichwa. Alikuwa amefunga jicho kwa sababu ya vita kwa miaka, na maishani mwake hakuwahi kusikia risasi wala mzinga. Wala hakuwahi kuingia jikoni.

"Ni sauti gani hiyo?" akauliza.

Mbwana akamtazama dada yake. Mwatime alikuwa amekwisha kuelewa.

"Ndio hao," akasema.

"Akina nani?"

"Wa kila siku. Huanza wakati huu, wakanyamaza jua likipanda."

"Na ninyi mnakaa tu?"

"Tutafanyaje, Mheshimiwa? Tumezoea. Wakinyamaza siku nzima ndipo tunapoogopa, tunajua tutalala njaa."

Rangi ikamtoka Dokubari. Mtu akaangusha chungu uani, kikapasuka, na tume nzima ikalala kifudifudi, wapagazi juu ya waheshimiwa. Lukozi, akiwa chini, alikifungua kitabu kwenye ukurasa alioutaka.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti yake ilikuwa na faraja, "kama vita vinaendelea, basi Wakala wa baada ya vita uko kabla ya wakati wake. Hauwezi kujenga. Hauwezi kubomoa."

"Unaweza nini?"

"Kujiandaa."

"Kwa posho?"

"Kwa posho ya mazingira magumu."

Dokubari akainuka, akajipangusa mwenyewe bila kufikiri, vumbi lake lote la cheo likabaki majanini. Akatangaza kwamba tume imeona ya kutosha. Viti vikakunjwa, mahema yakaviringishwa. Alipomfikia Mbwana akamwambia kwamba kiti chake Makao kinamngoja.

"Kaimu hukaimu mpaka mwenyewe apatikane," Mbwana akasema. "Wenyewe ndio hawa." Akaivua ile kanzu akamkabidhi Bibi Ulangi, akabaki na shati lake la Tanga.

Dokubari akawatazama watu wa Sungwa, labda kwa mara ya kwanza. Akasogea karibu na Mbwana. "Bwana Chambuso," akauliza chini kwa chini, "inauma? Vita, nauliza."

"Sijui, Mheshimiwa. Muulize dada yangu."

Dokubari akamgeukia Mwatime, akafungua mdomo, kisha michi ikaongeza kasi, akaona bora aondoke. Walitembea kwa heshima mpaka kwenye kona. Baada ya kona walisikika wakikimbia.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Chausiku aliumwa uchungu wiki hiyo hiyo, wakambeba kwenye kitanda cha kamba wakamvusha mto umejaa, akajifungua mtoto wa kike mzima. Lakini homa ikamwingia, ikamshika siku nyingi, na dawa hapakuwa nayo. Mkunga alifanya alichoweza kwa majani na maji. Mbwana alikuwa akienda kumjulia hali, anarudi ameinamisha kichwa, na siku moja akamwambia dada yake lililokuwa moyoni.

"Mimi ndiye niliyeikataa zahanati. Walikuwa na fedha, Mwatime. Nilizisikia zikihesabiwa."

"Ulisikia pia zitakuja lini?"

"Sikusikia."

"Basi." Alikuwa anakanyaga udongo, hakuacha. "Mimi sikuambii ulifanya vizuri. Ningekuwa na pa kuipata ile zahanati bila kubomoa daraja, ningeichukua, hata wangeiita jina refu namna gani. Pa kuipata hapakuwepo. Ingia humu unisaidie, udongo huu si wa vyungu."

Ulikuwa wa matofali. Msingi walikuwa wamekwisha kuuchimba nyuma ya shamba la Chausiku, chumba cha wagonjwa na chumba cha mkunga. Mbwana akakunja suruali, akaingia. Chausiku akapona taratibu, ingawa nguvu zake hazikurudi zote, na mkunga alikubali kuhamia ng'ambo hii nyumba ikishakuwa na mlango.

Na jambo jingine likatokea ambalo hakuna aliyelipanga. Kwa kuwa kuvuka kulikuwa chini ya Wakala, na Wakala umerudi kujiandaa, kuvuka kukawa hakuko chini ya mtu yeyote. Wachuuzi wa chumvi wakapita tena. Wa kwanza alipeleka habari Tanga kwamba Mwatime yu hai. Wa pili alirudi na vidonge vya homa, na maneno ya mama yao, yaliyokuwa machache: mje wote wawili, na asiwepo wa kunidanganya kuhusu afya yake. Mbwana akamjibu watakwenda, kazi ya mikono ikiisha. Wakati huo alikuwa ananyoa Sungwa nzima asubuhi na kupanga matofali mchana, na kitambi kilikuwa kimeondoka bila kuaga.

Ikawa kila baada ya muda mjumbe wa Wakala anatumwa kutoka Makao kuulizia hali. Kwa usalama wake hakuruhusiwa kukata kona. Alikuja na baiskeli mpaka kwenye nguzo za daraja la zamani, akasimama ukingoni, akaita, na mtu yeyote aliyekuwa karibu alimjibu.

Siku moja ya mwisho wa kiangazi alikuja akamkuta Mwatime mtoni, anateka maji ya kukandia udongo. Mjumbe alikuwa na bendeji mpya kifuani, alipandishwa cheo. Akaweka mikono mdomoni.

"Mheshimiwa Dokubari anawapa pole," akaita. "Anauliza, vita vitaisha lini?"

Mwatime akaiweka ndoo chini. Akageuka akatazama nyuma ya shamba la mtama, ambako kuta zilikuwa zimepita madirisha na Mbwana amepanda juu anapima boriti, akikaza jicho moja. Akafikiri ajibu nini ambacho hakitakuwa uongo.

"Mwambie tumebakiza paa," akasema.

Mjumbe akayarudia maneno hayo kwa sauti, asije akayasahau njiani, akapanda baiskeli yake, akaenda zake Makao.